Mkono wa Kulia, Zebaki na Kiini cha Atomu: Maelezo juu ya Istilahi za Ulinganifu

Miongoni mwa maneno ambayo mtunga kamusi huyaona mepesi mpaka aketi kuyaandikia maana, "kulia" na "kushoto" yamo katika safu ya mbele. Kila mtoto ayajua. Walakini ni vigumu mno kuyafasili kwa maneno matupu, pasipo kunyosha kidole wala kutaja kitu kingine ambacho chenyewe kina upande. Shida hiyo si ya watunga kamusi peke yao. Tangu mwaka 1956 imewashughulisha wanafizikia pia, na jawabu walilolipata ndani ya kiini cha atomu lina funzo kwa kila atungaye istilahi za Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza jawabu hilo, kisha kuonyesha ni maneno gani ya Kiswahili yanayolibeba pasipo kulipotosha.

1. Majina ya mikono na njia panda ya Tinde

Kiswahili kina majina kadhaa ya mikono miwili. Mkono wa kulia hudhaniwa na wengi kuwa umepata jina kutokana na kula. Mkono huohuo huitwa pia wa kuume, na mwenzake, pamoja na kuitwa wa kushoto, huitwa wa kike. Majina hayo yasimulia desturi za watu: mkono upi hushika tonge, na upi wahesabiwa kuwa na nguvu. Hayasemi neno lolote juu ya maumbile yenyewe. Taifa la watu wanaokula kwa mkono mwingine lingeweza kutumia msamiati huohuo kinyume, na wala sarufi isingelalamika.

Mtunga kamusi aweza kulikimbilia jua, akaandika kwamba mtu aliyelielekea jua linapochomoza ana kusini upande wake wa kulia. Lakini hapo amelitegemea jambo la bahati, yaani kwamba dunia huzunguka upande huu wala si upande ule. Mfano wa karibu ni wa Tinde, mji mdogo katika mkoa wa Shinyanga. Mtu atokaye Nzega kuelekea kaskazini afikapo Tinde huona njia ikigawanyika: ya kushoto yaenda Isaka na Kahama, na mbele zaidi hata mpaka wa Rwanda, ya kulia yaenda Shinyanga na Mwanza. Mchoro wa njia panda hiyo ukitazamwa katika kioo, Kahama huwa kulia na Shinyanga kushoto. Mchoro huo wa kioo ni uongo kwa habari ya Tinde, lakini si uongo kwa habari ya njia panda, kwa kuwa hakuna sheria ya maumbile iliyowazuia watu kuwa na mji mwingine ambao njia zake zimepangwa vivyo hivyo.

Kwa muda mrefu wanafizikia waliamini kwamba ulimwengu wote uko hivyo. Walishika kwamba tukio lolote lionekanalo katika kioo laweza kutukia kwa kweli mahali fulani, kwa sheria zilezile. Imani hiyo ndiyo yafaa kuitwa ulinganifu wa kioo. Kama ingekuwa kweli pasipo upungufu, basi "kulia" kusingeweza kufasiliwa kamwe ila kwa kuonyesha kwa kidole.

2. Kobalti yamwandikia mtunga kamusi

Mwaka 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang, wanazuoni wenye asili ya China waliokuwa wakifanya kazi Marekani, waliona kwamba imani hiyo haikuwa imejaribiwa kwa habari ya kani dhaifu, ile iletayo mnunurisho wa namna ya beta. Chien-Shiung Wu na wenzake wakafanya jaribio mjini Washington, na matokeo yakatangazwa mwanzoni mwa mwaka 1957. Walichukua kobalti-60, wakaipoza hata kufikia takriban sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, wakavilaza viini vyake kwa nguvu ya sumaku ili spini zake, yaani mizunguko yake ya ndani, zielekee upande mmoja. Viini hivyo vinapooza hutoa elektroni. Kama kioo kingekuwa mwaminifu, elektroni zingetoka sawasawa pande zote mbili za mhimili wa spini. Hazikutoka sawasawa, zilitoka kwa wingi upande ulio kinyume cha spini. Lee na Yang wakatunukiwa tuzo ya Nobel mwaka uleule wa 1957.

Kwa mtu wa lugha, maana yake ni hii: sasa kulia kwaweza kufasiliwa. Chukua kobalti-60, kunja vidole vya mkono kufuata mzunguko wa viini vyake, mkono ambao dole gumba lake laelekea mbali na upande wenye elektroni nyingi, huo ndio wa kulia. Hapa hapana tonge, wala jua, wala Tinde.

Hata hivyo, imebaki hila moja. Kila chembe ya maada ina mwenzake wa maada-kinyume, chaji zake zikiwa zimegeuzwa. Kobalti ya maada-kinyume ingetoa chembe zake kwa wingi upande wa pili, na msomaji aliye katika ulimwengu wa namna hiyo angeifuata fasili neno kwa neno, kisha akainua mkono wa kushoto. Kwa miaka michache ilidhaniwa kwamba vioo viwili vikitumiwa pamoja, cha mahali na cha chaji, ulinganifu hurudi mzima. Mwaka 1964 James Cronin, Val Fitch na wenzao, katika maabara ya Brookhaven, walionyesha kwamba hata vioo viwili hivyo havitoshi. Chembe ziitwazo kaoni, zile zenye maisha marefu, zilikiuka matarajio mara chache, kama mara mbili katika elfu. Baadaye ikaonekana pia kwamba kaoni hizo, zinapooza, hutoa positroni mara nyingi kidogo kuliko elektroni, kwa tofauti ya kama sehemu tatu katika elfu. Kwa tofauti hiyo ndogo fasili ya kulia hukamilika, maana maada na maada-kinyume zaweza kutenganishwa kwa maneno.

3. Kani za ndani ya kiini

Kiini cha atomu kimeshikamanishwa na kani kali, ambayo yahesabiwa kukitii kioo. Lakini protoni na nyutroni zinapokaribiana huguswa pia na kani dhaifu, na hivyo kani iliyo kati yake huwa na chembe ndogo ya ukosefu wa ulinganifu, kama chumvi kidogo katika maji mengi. Kwa kawaida kiasi chake ni kama moja katika milioni kumi. Mwaka 1967 Lobashov na wenzake wa Leningrad waliupima katika miale itokayo katika kiini cha tantali-181, wakapata kiasi cha sehemu sita katika milioni.

Walakini viini vingine huukuza ukosefu huo kwa ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Dubna, iligunduliwa kwamba kiini cha lanthani-139 hupokea nyutroni za nishati moja ndogo kwa kadiri isiyo sawa, kutegemea spini ya nyutroni imeelekea mbele au nyuma. Na kipimo cha tofauti hiyo chakaribia moja katika kumi. Sababu ni kwamba kiini hicho kina hali mbili zenye tabia tofauti mbele ya kioo na nishati zinazokaribiana, hata kani ndogo yaweza kuzichanganya. Ndivyo itokeavyo katika mizani iliyo karibu kulingana kabisa: unyoya mmoja waweza kuinamisha upande.

4. Pia ya watoto na kioo cha wakati

Kuna kioo cha tatu, nacho ni cha wakati. Jambo hili lataka uangalifu zaidi, kwa kuwa Kiswahili kina kauli maalumu ya kuligusa, na kauli hiyo yaweza kusaidia au kupoteza.

Kauli ya kutendua yajulikana sana: funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, ziba huzaa zibua, tega huzaa tegua. Asili yake ni ya Kibantu, nacho Kisukuma, lugha ya wenyeji wengi wa Shinyanga na Geita, kina ndugu yake. Kauli hiyo husimulia tendo linalorudishwa nyuma. Lakini haikubaliwi na kila kitenzi. Hakuna kutendua kwa pika, wala kwa chinja, wala kwa vunja. Yaonekana kwamba lugha imeyagawa matendo: yale yawezayo kurudi, na yale yasiyorudi.

Msomaji aweza kudhani kwamba chungu kilichovunjika ndicho ushahidi kwamba wakati hauna ulinganifu. Sivyo. Chungu hakirudi kwa sababu vipande vyake ni vingi, na njia za kutawanyika ni nyingi mno kuliko za kukusanyika. Lakini kila mgongano wa chembe moja na nyingine ndani yake waweza kurudishwa nyuma pasipo kuvunja sheria yoyote. Huko ni kutotenduka kwa matukio. Jambo litafutwalo katika kiini ni jingine, nalo ni kutotenduka kwa sheria zenyewe, hata pale ambapo chembe ni moja tu.

Njia ya kulitafuta yaweza kuelezwa kwa pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba. Nyutroni haina chaji kwa jumla, lakini ina spini, na kwa hiyo ina mhimili kama pia. Chaji chanya ndani yake ikiwa imesogea kidogo kuelekea kichwani, na chaji hasi kuelekea nchani, nyutroni itakuwa na ncha mbili za umeme. Hali hiyo yaitwa dipoli ya umeme. Sasa pia hiyo na itazamwe katika maji yaliyotulia chini yake. Mzunguko wake katika maji ni uleule, lakini kichwa kimekuwa chini na ncha juu. Kwa hiyo chaji zimegeuka na spini haikugeuka. Kisha na irudishwe nyuma kwa wakati, kama filamu inayochezwa kinyume. Hapo mzunguko umegeuka na chaji zimebaki mahali pake. Kila kioo kimetoa nyutroni ya namna ya pili, ambayo dipoli yake yaelekea kinyume cha spini. Lakini nyutroni za namna mbili hazipo. Ipo namna moja tu. Basi kama nyutroni ina dipoli yoyote, hata iwe ndogo namna gani, maumbile yamechagua upande, na vioo vyote viwili, cha mahali na cha wakati, vimesema uongo. Na kwa mujibu wa nadharia iliyothibitika sana, kioo cha wakati kikisema uongo, vioo vya mahali na chaji vikitumiwa pamoja navyo husema uongo.

Hapa yafaa kuondoa shaka moja. Molekuli ya maji ina ncha mbili za umeme, na jambo hilo halimshangazi mwanakemia yeyote. Molekuli hiyo ina hali zaidi ya moja zinazokaribiana kwa nishati, na ncha zake hazikufungwa na spini. Kila kioo huipata molekuli nyingine iliyo halali. Nyutroni haina nafasi hiyo.

Edward Purcell na Norman Ramsey walipendekeza mwaka 1950 kwamba dipoli hiyo itafutwe kwa majaribio, na matokeo ya kwanza, yaliyofanywa pamoja na James Smith, yalichapishwa mwaka 1957. Namna ya kupima ni hii: ndani ya uga wa sumaku mhimili wa nyutroni huyumba kama pia inayochoka, kwa mwendo unaohesabika. Uga wa umeme huongezwa, kwanza kuelekea upande wa uga wa sumaku, kisha kinyume chake. Nyutroni ikiwa na dipoli, kuyumba kutaongezeka kidogo katika hali moja na kupungua katika nyingine. Hadi sasa tofauti haijaonekana. Jaribio lililotangazwa mwaka 2020 kutoka Villigen, Uswisi, liliweka mpaka wa 1.8 × 10⁻²⁶ kwa kizio cha chaji ya elektroni mara sentimita. Kama nyutroni ingekuzwa hata ikawa kubwa kama dunia, chaji zake zisingekuwa zimeachana kwa zaidi ya kama sehemu moja ya elfu ya milimita.

5. Zebaki ya Geita na zebaki ya Seattle

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama neno "zebaki" halihitaji kamusi. Wachimbaji wadogo husaga mawe kwa karasha, huosha mchanga wake kwenye mialo, huutia zebaki ambayo hunasa dhahabu, hukamua mchanganyiko kwa kitambaa, kisha huuchoma. Zebaki huruka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na huwafikia hata wasioshika mchanga. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013, ikauridhia mwaka 2020.

Mvuke huohuo, ukiwa umefungwa ndani ya vyombo vidogo vya kioo, ndio chombo kikali kuliko vyote katika kuutafuta ukosefu wa ulinganifu ndani ya viini. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, atomu za zebaki-199 zilipimwa kwa miaka mingi, na mwaka 2016 ikatangazwa kwamba dipoli ya atomu hiyo, kama ipo, haizidi 7.4 × 10⁻³⁰ kwa kizio kilekile. Hata katika jaribio la Villigen mvuke wa zebaki-199 ulitiwa pamoja na nyutroni ili kulinda hesabu ya uga wa sumaku.

Zebaki ina shida yake, nayo ilielezwa na Leonard Schiff mwaka 1963. Elektroni za atomu hujipanga upya uga wa umeme unapowekwa, hata kiini kisipate habari ya uga ule, kama mtoto aliyezungukwa na wazee asione kinachopita njiani. Lakini kinga hiyo si kamili, maana kiini kina ukubwa wake, na chaji na dipoli havikutapakaa ndani yake kwa namna moja. Kinachopenya ndicho kipimwacho, nacho hubeba jina la Schiff. Hupenya kwa wingi zaidi kiini kikiwa na umbo la kibuyu, chini kimenenepa na juu kimebana. Umbo hilo lilithibitishwa mwaka 2013 kwa radi-224, na ndiyo sababu radi na jamaa zake watafutwa sana leo.

Faida ya kazi hii yote ni nini? Mwaka 1967 Andrei Sakharov alionyesha kwamba ulimwengu ulioanza na maada na maada-kinyume kwa kadiri moja usingeweza kubakiza maada peke yake pasipo ukosefu wa ulinganifu wa namna hii. Maada iliyobaki ni kama ziada ya chembe moja katika kila bilioni. Na katika ziada hiyo zimo dhahabu ya Geita, almasi za Mwadui na watu wa Tinde. Ukosefu ule uliogunduliwa katika kaoni na jamaa zake hautoshi kuieleza ziada hiyo. Tena kani kali yenyewe, kwa nadharia, ingeweza kuukosa ulinganifu wa wakati, lakini vipimo vya nyutroni na zebaki vyaonyesha kwamba kiasi chake ni chini ya moja katika bilioni kumi. Kwa nini iwe ndogo hivyo, hakuna ajuaye. Roberto Peccei na Helen Quinn walitoa wazo mwaka 1977, na chembe iliyozaliwa na wazo hilo, aksioni, haijaonekana bado.

6. Maneno yafaayo

Kutokana na hayo, mambo matatu yafaa kuzingatiwa na watunga istilahi.

La kwanza ni kuchagua kati ya usawa na ulinganifu. "Usawa" watokana na sawa, neno la Kiarabu, na husema kwamba vitu viwili ni vya kadiri moja, au kwamba mahali ni tambarare. "Ulinganifu" watokana na linga, nao umebakiza ndani yake kiambishi -an- cha kutendana: kitu na taswira yake vyapimana. Ulinganifu wa fizikia ni kupimana huko, si kuwa na kadiri moja. Mkono wa kulia na wa kushoto ni sawa kwa ukubwa, lakini havai mmoja glavu ya mwingine. Walingana katika kioo tu. Kwa hiyo "ulinganifu" ndio neno, na aina zake zatajwa vema kwa kioo chake: ulinganifu wa mahali, wa chaji na wa wakati.

La pili ni kuutenga ulinganifu uliovunjika na ulinganifu usiokuwapo. Njia panda ya Tinde yatii sheria zisizopendelea upande, na bado imelala upande mmoja. Kwa hali hiyo "kuvunjika kwa ulinganifu" kwafaa kabisa: kauli ya kutendeka, isiyo na mtenda, yasema kwamba matokeo yameinama ingawa sheria imesimama wima. Kobalti ya Wu si hivyo. Pale sheria yenyewe ndiyo iliyoinama. Aghalabu hali hiyo huelezwa kwa "kuvunja" au "kukiuka", kana kwamba kobalti imeasi amri. Lakini kobalti haikuasi. Ilitii sheria ambayo watu hawakuijua. "Ukosefu wa ulinganifu" hausingizii chembe kosa, na wafaa zaidi.

La tatu ni kauli ya kutendua. Neno "kutenduka" lingeweza kutumika kwa kioo cha wakati, mradi ufafanuzi uwepo daima kwamba kutotenduka kwa chungu si kutotenduka kwa sheria. Mwanafunzi asipoambiwa tofauti hiyo atadhani kwamba kila gae la chungu ni jaribio la Seattle.

Mwanafunzi huyo si wa kubuni. Katika shule za sekondari za Tanzania fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, hali kijana wa Tinde ameyapata maneno yake ya kwanza kwa Kisukuma, na ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Aijua zebaki kwa harufu ya moto wa mwalo, pia kwa mchezo, na kibuyu kwa kuchotea maji. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na msingi huo haukujengwa ili ubaki msingi. Istilahi isiyopimwa kwa jambo gumu haijulikani uzito wake. Jambo hili la dipoli ni gumu kadiri itoshayo, na yaonekana kwamba maneno ya kulibeba yapo. Lililobaki ni kuyapanga kwa uangalifu uleule ambao mtunga kamusi huutumia anapotenga kulia na kushoto.